Mtumbwi, kasia na hema baada ya kustaafu: mwongozo kamili kwa wazee wa Kigoma na Tabora

Mtumishi wa umma hapa kwetu anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na akifika 60 ni lazima akabidhi ofisi. Baada ya hapo wengi wetu tunaingia kwenye mambo yale yale: chumba cha kupangisha, kuku wa mayai, bodaboda anayopewa kijana alete hesabu jioni. Ni mambo mema. Lakini aliyestaafia Kigoma au Tabora amezungukwa na maji ambayo watu wa mbali hupanda ndege kuja kuyaona: Ziwa Tanganyika lenye kina kinachofika mita 1,470, Mto Malagarasi, Mto Ugalla, mabwawa, na mabonde ya matete yasiyoisha. Kuyatembelea kwa mtumbwi, asubuhi mnapiga kasia, mchana mnapumzika, usiku mnalala hemani, ni jambo linalowezekana kabisa kwa mtu wa umri wetu. Mimi ni mstaafu, naishi Ujiji, na ningependa kuona wazee wengi zaidi wakilifanya, tena wakilifanya salama.

Nimemlenga mstaafu wa kawaida: presha iko lakini inadhibitiwa kwa vidonge, magoti yanagoma kidogo, na kasia hajalishika tangu utoto au hajalishika kabisa. Jambo moja litajirudia humu, nalo ni muda. Kijana ana nguvu, sisi tuna muda, na kwenye maji muda unaokoa kuliko nguvu. Upepo ukianza, mnangoja. Kiboko akikaa njiani, mnangoja. Mwenyeji akisema leo siyo, basi ni kesho. Habari za ajali ninazozisikia mialoni mara nyingi zinaanza na mtu aliyekuwa na haraka ya kufika mahali.

Wala si jambo geni kwa ziwa hili. Novemba 1871, baada ya kukutana Ujiji, mmisionari na mpelelezi David Livingstone na mwandishi wa habari Henry Stanley waliondoka hapa kwa mtumbwi wa kuazima, wakaambaa na pwani hadi ncha ya kaskazini ya ziwa ili kujua Mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Waliukuta unaingia. Livingstone alikuwa na miaka 58, umri wa mtu anayehesabu miezi ya kustaafu, na kazi ya kujua njia, upepo na mahali pa kulala ilikuwa mikononi mwa waongozaji na wapiga kasia. Huo ndio mpangilio ninaoupendekeza hata leo: mwenyeji aongoze, mzee asaidie kupiga kasia na kutazama.

Hatua ya kwanza: chagua maji yanayokufaa

Usianzie mtoni. Anzia maji yaliyotulia, karibu na barabara, mahali ambapo ukichoka baada ya saa moja unaweza kurudi nyumbani ukanywe chai.

Kwa watu wa Tabora, mahali hapo ni Bwawa la Igombe, kaskazini ya mji. Maji yake hayaendi popote, na wavuvi wenye mitumbwi wapo. Kumbuka lile ni bwawa la chanzo cha maji ya kunywa, kwa hiyo kabla ya kuweka hema kando yake zungumza na mamlaka ya maji na uongozi wa kijiji husika, na usifue wala kuoga ndani yake. Kwa watu wa Kigoma, anzia ndani ya ghuba, au upande wa Katonga na fukwe za Mwamahunga ambako maji ni maangavu na pwani iko karibu. Asubuhi isiyo na upepo, maji yale yanakuonyesha mawe ya chini na samaki wadogo wenye rangi wakipita kati yake. Hapo peke yake pana safari.

Ukishazoea, fuata pwani ya ziwa kwa vipande vifupi, mwalo hadi mwalo, bila kuvuka ghuba pana. Kanuni ya ziwani ni kuambaa: muwe karibu na nchi kiasi kwamba upepo ukibadilika mko ufukweni ndani ya dakika kumi. Ziwa hili lina urefu wa kilomita zipatazo 670, na upepo unaotoka kusini unapata uwanja mrefu wa kujenga mawimbi. Mtu aliyezoea mito hudharau jambo hilo.

Mto uje wa tatu, na ninaposema mto nina maana ya Malagarasi ya chini, pande za Ilagala, kabla maji hayajaingia ziwani kwenye delta. Hapo mto ni mpana, unakwenda polepole, wavuvi wanapita, na ndege ni wengi mno. Wataalamu wanaamini mto huu ni mzee kuliko ziwa lenyewe, kwamba zamani uliendelea magharibi hadi Kongo kabla bonde halijapasuka, na ndiyo maana baadhi ya samaki wake wanafanana na wa Kongo. Ukiwa juu yake unapiga kasia taratibu, hilo ni jambo zuri la kulifikiria.

Hapa nitoe onyo, na nalitoa kwa uzito wote: msianze safari Uvinza mkashuka na mkondo kuelekea ziwani. Kati yake pana maporomoko ya Igamba na maji ya kasi kwenye mawe. Kwenye ramani ya simu inaonekana ni mstari tu wa bluu. Kipande hicho hakina nafasi kwenye safari ya mstaafu, wala ya mtu yeyote mwenye mtumbwi wa kawaida.

Juu ya Uvinza, kuelekea Moyowosi na ziwa Sagara, ni nchi ya matete na mafunjo. Eneo oevu la Malagarasi-Muyovozi, lenye kilomita za mraba zipatazo 32,500, liliingizwa mwaka 2000 kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda maeneo oevu, la kwanza kwa Tanzania. Ni pazuri, lakini njia za maji zinafungwa na matete na kufunguka, sehemu kubwa ni pori la akiba, na mgeni hupotea. Mto Ugalla nao, kwa upande wa Tabora, una hifadhi ya taifa tangu 2019. Huko unakwenda kwa utaratibu wa Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA), ukiwa na askari wa hifadhi, si kwa kujipangia na jirani yako mwenye mtumbwi. Fikeni huko baada ya kuzoea maji mengine.

Hatua ya pili: chagua majira, kisha chagua mwezi

Mikoa yetu ina msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili. Wakati huo usisafiri kwa maji: radi za Kigoma kila mtu anazijua, na mtu aliye katikati ya maji ndiye kitu kirefu kuliko vyote vilivyo karibu naye. Aprili na Mei mito imejaa na mkondo una nguvu. Juni hadi Agosti ndio wakati wa mto: maji yapo, mvua hakuna, usiku ni wa baridi ya kulalika. Ila miezi hiyo hiyo upepo wa kusi unasumbua ziwani, kwa hiyo ziwani mpige asubuhi tu na muwe tayari kulala siku mbili mahali pamoja. Septemba na Oktoba epuka Ugalla: mto ule hukauka ukabaki madimbwi, na viboko na mamba wote wa eneo wanakusanyika humo.

Kuhusu mwezi wa angani, hili wengi hawalifikirii. Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kamili wanapumzika. Panga safari yako siku hizo: utapata wapiga kasia wazuri ambao siku nyingine wasingekuwa na nafasi, watakuwa wamelala usingizi wa kutosha, na kambi yenu itakuwa na mwanga. Ukipenda kuona ziwa likiwaka taa kama mji, nenda siku za giza, lakini utazame ukiwa nchi kavu. Usiku kati ya nyavu na boti za dagaa si mahali pa mtumbwi wa matembezi.

Uliza pia kama uvuvi umefunguliwa. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Ukikuta kipindi cha namna hiyo, usitegemee samaki wa kununua mwaloni na usibebe hata ndoano.

Hatua ya tatu: afya kwanza, bila aibu

Nenda ukapime kabla ya kulipia chochote. Presha, sukari, macho. Mwambie daktari waziwazi: nataka kukaa kwenye mtumbwi saa tatu au nne, juani, mbali na hospitali. Akikuambia ngoja, ngoja.

Dawa zako beba za siku zote za safari na siku tatu za ziada, na uzigawe mara mbili: nusu kwenye begi lako, nusu kwa mwenzako, kila fungu ndani ya chupa yenye mfuniko mgumu. Begi moja likizama, dawa hazijaisha. Wanaotumia insulini watafute chungu kidogo cha udongo, wakiweke ndani ya bakuli lenye maji, waweke insulini ndani ya chungu ikiwa kwenye mfuko mkavu, wakifunike kwa kitambaa kibichi na kukiweka kivulini. Udongo ukinyonya maji na upepo ukayakausha, ndani kunabaki na ubaridi.

Sasa jambo ambalo wanaume wazima hawapendi kulisema. Umri huu tunaamka usiku kukojoa, na wanaotumia dawa za presha zinazoongeza mkojo wanaamka zaidi. Kando ya mto wenye viboko, kutoka hemani saa nane usiku ndiyo hatari kubwa kuliko yote utakayokutana nayo safari nzima. Beba ndoo ndogo yenye mfuniko, moja kwa kila hema, ikae miguuni. Na usiache kunywa maji mchana kwa kuogopa usiku. Mzee asiyekunywa maji juani huanza kwa kizunguzungu na kuishia kwenye dripu.

Kichocho kipo ziwani na mitoni, hasa kwenye maji yaliyotulia yenye majani karibu na makazi ya watu, kwa sababu konokono wake wanakaa humo. Shukeni kwenye mchanga na mawe, siyo kwenye matete. Valia raba zinazoloa, na ukilowa jifute haraka kwa taulo. Malaria unaijua: chandarua ndani ya hema, dawa ya mbu, mikono mirefu jioni. Kwa upande wa Ugalla na mapori ya Malagarasi ongeza mbung'o, wanaoeneza malale. Mbung'o huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi, kwa hiyo nguo zako ziwe za kaki au kijivu cha mpauko. Wiki chache baada ya kurudi ukipata homa, mwambie daktari ulikokuwa, asiishie kupima malaria.

Hatua ya nne: chombo na watu wake

Usinunue mtumbwi kwa kiinua mgongo. Kodi kwanza, msimu mzima ikibidi. Pesa ile ina wakati mmoja tu wa kuingia, na mtumbwi unaokaa nchi kavu unapasuka kwa jua.

Mtumbwi wa gogo ni imara mtoni lakini mwembamba, unayumba, na kwa goti bovu ni adhabu. Mtafute wa mbao, mpana, wenye viti vya kukalia vilivyopigiliwa, na wenye nafasi ya kunyoosha miguu. Kabla ya kukubaliana, usukumeni majini ukiwa mtupu, uacheni nusu saa, kisha angalieni ndani. Maji kidogo kwenye maungio ni kawaida. Maji yanayopanda yakionekana ni sababu ya kwenda kwa mtu mwingine. Pitisha kidole kwenye maungio ya mbao: pamba na lami viwe vigumu, visiwe vinachomoka. Vyombo vya kubeba abiria vinakaguliwa na TASAC, shirika la serikali la uwakala wa meli, na kama mnaungana kundi kubwa kukodi boti ya injini iwasindikize, dai kuona cheti chake.

Wapiga kasia wawe wawili, mmoja omo, yaani mbele, na mmoja tezi, yaani nyuma, wote wenyeji wa maji hayo hayo. Mvuvi hodari wa Kibirizi ni mgeni Ilagala. Mtafute kupitia uongozi wa mwalo, yaani wale wa BMU, kikundi cha wenyeji cha kusimamia ufukwe na uvuvi, ambao wanajua nani hanywi pombe kazini na nani ana chombo kizima. Kisha kaeni mzungumze: malipo kwa siku, chakula chao ni juu yako, na siku ya kungoja upepo inalipwa sawa na siku ya kupiga kasia. Kipengele hicho cha mwisho usikiruke. Mtu asiyelipwa siku ya upepo atakuambia upepo umepungua.

Na umpe mamlaka. Kijana atakusalimia shikamoo mzee, atakubebea mzigo, na kwa heshima hiyo hiyo anaweza kushindwa kukukatalia ukisema twende. Mwambie mapema, mbele ya wenzake: "Mwanangu, majini wewe ndiye mkubwa. Ukisema hapana, mimi sibishi." Rudia siku ya safari.

Jaketi okozi ni la kila mtu, wapiga kasia wakiwemo, na livaliwe, siyo likaliwe. Lijaribu kwa kulifunga kisha mtu akuinue kwa mabega yake: likipanda hadi masikioni ni kubwa mno.

Vibali na taarifa

Hili halichukui muda. Beba kitambulisho cha NIDA; Kigoma ni mpakani na Uhamiaji wanauliza hata mzee. Kila kijiji mtakacholala, pitieni kwa mwenyekiti au mtendaji kabla ya kushusha hema, mjitambulishe na kusema mnaondoka lini. Ndani ya hifadhi fuata TANAPA, ndani ya pori la akiba fuata TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Nyumbani acha karatasi yenye majina ya wapiga kasia, namba zao, mahali pa kulala kila siku, na saa ambayo mwanao asipokupata kwa simu aanze kuuliza.

Hatua ya tano: mazoezi ya nyumbani

Anza mwezi mmoja kabla. Tembea nusu saa kila asubuhi. Kaa chini mkekani, miguu mbele, uinuke bila kushika kitu. Ukishindwa, shika kiti, na kila wiki utegemee kiti kidogo zaidi. Kuinuka kutoka chini ndiko kutakakokuchosha mtumbwini na hemani kuliko kupiga kasia kwenyewe.

Kisha nenda mwaloni ufundishwe kupanda. Mtumbwi ukiwa umeelea, siyo umekwama kwenye mchanga, mwenyeji anaushika. Unainama kwanza, ukiwa bado nje, unashika kingo zote mbili, unaweka mguu mmoja katikati kabisa ya sakafu, unahamisha uzito wako polepole, ndipo unaleta mguu wa pili na kukaa mara moja. Usisimame wima hata sekunde moja. Kushuka ni hivyo hivyo kwa kinyume. Rudia mpaka mwili ukubali bila kufikiri.

Kasia nalo linavutwa kwa kiwiliwili. Mkono wa juu unashika kichwa cha mpini, wa chini unashika karibu na bapa. Unageuza bega mbele kidogo, unalichoma kasia majini karibu na vidole vya miguu, kisha unageuza kiuno kurudi hadi kasia lifike usawa wa nyonga, unalitoa. Ukilivuta zaidi ya hapo unainua maji tu na kujichosha. Mikono ikiuma jioni, ujue ulitumia mikono. Badilisha upande kila baada ya dakika kumi, na ukichoka liweke mapajani. Wale wawili wataendelea.

Mwisho wa mazoezi, kwenye maji ya kiuno, mahali ambapo wenyeji wanaoga na wanasema hapana mamba, wapindue mtumbwi ukiwa umevaa jaketi. Jifunze jambo moja tu: kushikilia chombo. Mtumbwi wa mbao haufiki chini, na anayetafutwa huonekana upesi akiwa kando yake.

Mizigo na chakula

Kila kitu kiingie kwenye mfuko mzito usiopitisha maji, uliofungwa, na mfuko huo ndani ya kiroba. Vitu vya kuloa haraka, kama simu, dawa na kiberiti, viingie kwenye dumu la mdomo mpana lenye mfuniko wa kukaza. Funga mizigo yote kwa kamba kwenye chombo. Hema liwe la kusimama magoti, siyo la kutambaa, na godoro la sponji nene hata kama linakula nafasi. Mzee akilala vibaya usiku mmoja, kesho yake hana faida kwa mtu. Turubai, panga, tochi ya kichwani kwa kila mtu, filimbi shingoni, pawabenki, kopo la kuchotea maji yanayoingia mtumbwini, kasia la akiba, jembe dogo la kuchimbia choo.

Maji ya kunywa hesabu lita tatu kwa mtu kwa siku, na mbili za kupikia. Ya ziwani au mtoni yachemsheni hata yakionekana safi namna gani.

Chakula kwetu si shida. Maharage ya Kasulu yapikwe nyumbani siku ya kuondoka, yaliwe usiku wa kwanza. Kwa siku zinazofuata kuna dagaa wakavu, unga wa muhogo, chupa ya mawese, vitunguu, ndimu na chumvi ya Uvinza. Watu wa Tabora waje na asali na karanga: kijiko cha asali na kiganja cha karanga saa tatu asubuhi, katikati ya safari, kinamrudisha mzee vizuri, isipokuwa mwenye sukari, ambaye afuate ratiba ya daktari wake. Mgebuka ukimpata mwaloni, banika siku hiyo hiyo. Msiweke samaki mbichi kambini usiku.

Hatua ya sita: siku yenyewe

Kigoma jua linachelewa, kwa kuwa tuko magharibi kabisa na saa yetu ni ya Dar es Salaam. Julai linachomoza karibu saa moja. Amkeni gizani, mnywe chai, mle kidogo, na saa moja muwe majini. Saa tano muwe nchi kavu, siku imekwisha. Mwendo wa raha ni kilomita tatu hadi nne kwa saa, na kwa mapumziko mtafanya kilomita nane au kumi kwa siku. Inatosha. Kila baada ya saa moja shukeni, mtu anyooshe mgongo, akojoe, anywe maji.

Mto wenye viboko una adabu yake. Kiboko mchana anakaa kwenye maji ya kina na hapo ndipo anapokimbilia akishtuka, kwa hiyo msiwe kamwe kati yake na kina. Kabla ya kona isiyoonekana, mpiga kasia wa omo anagonga ubavu wa mtumbwi kwa mpini, mara tatu, anatulia, anagonga tena. Viboko huinua vichwa kutazama. Mnawahesabu. Kisha mnangoja, kwa sababu aliyezama atapumua ndani ya dakika tano hivi, na mnataka kujua wote wako wapi kabla ya kusogea. Ndipo mnapita upande wa maji mafupi, mbali kadiri mto unavyoruhusu, bila kelele. Pasipo na nafasi, mnarudi nyuma au mnashuka kunywa chai. Nimewahi kukaa kwenye ukingo wa Malagarasi asubuhi nzima na wenzangu tukisubiri kundi moja lihame, na wale vijana wawili hawakuonyesha dalili yoyote ya kukereka. Kwao ni sehemu ya njia.

Kwa mamba ni moja: mkono haupiti nje ya chombo, na maji hayachotwi kwa kuinama ukingoni. Choteni kwa ndoo yenye kamba, mkiwa mmesimama mahali pa juu, na kila mara pabadilike.

Kambi

Tafuteni mahali palipoinuka, hatua mia moja au zaidi kutoka majini. Tembeeni mzunguko mzima kabla ya kushusha mzigo. Mfereji laini ulioingia kwenye nyasi kutoka mtoni, wenye kinyesi kilichotawanywa kwenye vichaka, ni barabara ya kiboko, na usiku ataipita hiyo hiyo kwenda kula. Sogeeni mbali nayo kabisa. Angalieni pia miti yenye matawi makavu juu ya hema, na vichuguu na njia za siafu. Ziwani, kumbukeni kwamba maji yamepanda sana miaka ya karibuni na kumeza fukwe; mahali mlipolala mwaka juzi huenda pako chini ya maji, au mti wake umeoza mizizi.

Choo kichimbwe mbali na maji, upande wa chini wa upepo. Moto uwe mdogo na uzimwe kwa maji, siyo kwa mchanga peke yake, hasa Agosti nyasi zikiwa kavu. Wakati huo pori la miombo linawaka kwa cheche moja, na mizinga ya watu imetundikwa humo. Viatu viingie hemani na vikung'utwe asubuhi kwa ajili ya nge. Giza likishaingia, anayetoka anamwamsha mwenzake na tochi inatangulia.

Dharura

Simu haishiki kila mahali, kwa hiyo jueni mapema, kwa kila kambi, mwalo au kijiji cha karibu chenye zahanati na pikipiki. Namba za kukariri ni 112 na, kwa Zimamoto na Uokoaji, 114. Kifua kikibana, mdomo ukipinda au mkono ukifa ganzi, msisubiri kuona kama kutatulia: chombo kinaelekea kwenye barabara iliyo karibu, mgonjwa akiwa amelazwa katikati, na mpiga kasia mmoja anatangulia kwa miguu kama nchi kavu ni fupi zaidi. Aliyeumwa na nyoka asikatwe wala kufungwa kamba. Mwacheni atulie, asitembee, apelekwe hospitali. Ndani ya Ziwa Tanganyika yupo swira wa majini. Mkimwona anapita, mwacheni apite.

Mkisharudi

Siku hiyo hiyo lipa wapiga kasia pesa yao yote, na mpigie simu mwenyekiti wa kila kijiji mlikolala kumwambia mmefika. Hema likaushwe juani hadi mishono, vinginevyo ukungu utalila kabla ya msimu mwingine. Jaketi zitundikwe kivulini. Na weka alama kwenye kalenda, wiki ya sita hadi ya nane baada ya safari, uende zahanati upime kichocho hata kama hujisikii vibaya. Kikionekana kinatibiwa kwa prazikwanteli, na daktari atakupa kipimo chake kulingana na uzito wako.